Benchi la Upande wa Mama

Pasikali hakuwa mtu wa kupiga. Majirani wa Kitanga walilisema hilo kila walipomsifia, na Pelagia mkewe alilikubali, maana ni kweli, tangu waoane hajawahi kumwinulia mkono. Alikuwa na neno moja tu. Chumvi ikizidi kwenye maharage, mbuzi akitafuna miche ya mihogo, mnunuzi wa Kasulu mjini akimpunja kwenye gunia, neno lilikuwa lile lile, na alilisema kwa sauti ya chini, bila hata kugeuza shingo.

"Rudi kwenu basi, kama unapo."

Akishalisema alikwenda kuoga, akala, akalala fofofo. Kwake lilikuwa neno la kutulizia hasira, basi. Wapo wanaume wa namna hiyo, ukiwaambia wameumiza mtu watakuuliza damu iko wapi.

Pelagia hakuwa napo. Aliingia kambi ya Mtabila akiwa mgongoni mwa mama yake, akatambaa humo, akasoma humo, akapata kipaimara humo. Pasikali alimwona humo humo, siku alizokuwa akipeleka ndizi kuwauzia wakimbizi. Kambi ilipofungwa, wazazi wake walipanda magari ya kurudishwa Burundi, naye akabaki kwa mumewe na binti yao mgongoni, akiwapungia mkono. Baba alifariki huko, mama akamfuata, na kaka zake wakatawanyika kwa ugomvi wa shamba. Nyumba za kambi zilibomolewa, na siku hizi pale pana wanajeshi, mtu hakatizi ovyo. Makaratasi aliyokuwa nayo Pelagia yalikuwa ya kambi, na kambi haipo. Watu wa Pasikali walitoka Burundi wakaingia mwaka sabini na mbili, wakapewa uraia, wana vitambulisho vyao vimefungwa kwenye nailoni ndani ya sanduku. Pelagia akisikia pikipiki ya serikali inakata kona kuja kijijini, huingia jikoni na kuinamia moto hata kama hakuna anachopika.

Sasa, kwa watu wa huku, iwe Waha iwe Warundi, mke aliyeudhiwa ana njia yake. Anafunga nguo zake, anarudi kwa wazazi. Wazee huita kwahukana. Hakuna anayemkimbiza barabarani. Anakaa kwao, anakula kwao, mpaka mume aje na watu wake na mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, akalishwe kiti cha aibu na kuulizwa: mtoto wetu alikosa nini? Akijibu vizuri, pombe inanywewa na mke anarudi. Akijibu ovyo, anarudi na mtungi wake. Njia hiyo imewaponya wanawake wengi, na imewafundisha adabu wanaume wengi zaidi, ila inahitaji kitu kimoja ambacho Pelagia hakuwa nacho. Kwa hiyo neno la mumewe lilipotua, yeye alibaki pale pale alipo, mwiko mkononi.

Aliyeondoka alikuwa Irakoze.

Irakoze ni binti yao, wa miaka kumi na mitano, mrefu kama baba yake na mwenye kinywa ambacho hakuna aliyekiri kumrithisha. Shuleni alikuwa amempiga mwenzake kwa kopo la maji. Alimwambia mwalimu wa nidhamu asimzingue. Akirudi nyumbani alikaa kimya, halafu siku moja mnaamka hayupo, na kandambili hazipo. Mara zote walimkuta mahali pamoja, kwenye njia panda ya kwenda Mtabila, amekaa juu ya jiwe, mfuko wa nguo miguuni, akitazama barabara.

Watu hawakukosa maelezo. Msichana, njia panda, magari yanasimama, madereva wa bodaboda wamejaa, unataka uambiwe nini tena? Bibi Esteri, mama yake Pasikali, aliyekaa nyumba ya pili ndani ya ua ule ule, alisema mtoto ameshapata mwanamume. Pasikali alimfuata na fimbo, na safari ile Irakoze ndiye aliyepigwa, mbele ya watu, njia nzima ya kurudi. Kwa watoto alikuwa anainua mkono. Hilo majirani hawakulihesabu.

Pelagia alijua tangu mara ya kwanza. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyempa mtoto ile ramani. Irakoze alipokuwa mdogo, wakichambua maharage uani, mama alipenda kumsimulia habari za kwao. Alimweleza nyumba ya matofali mabichi, mpera wa babu, bomba ambapo wasichana walipanga ndoo na kuimba, padri Mkongo aliyesema "bonjour" hata kwa kuku. Alisimulia kwa raha mpaka kambi ikawa mahali pa kutamanika. Na kila mara binti alipotoroka, usiku uliotangulia Pasikali alikuwa amesema lile neno. Mama aliliona hilo wazi kabisa, akafunga mdomo, na kufunga huko kulimla.

Mkuu wa shule alikuwa ameshamwandikia barua ya kumfukuza, kisha akasikia habari za mradi wa ushauri wa familia, akabadilisha maneno. Alisema familia nzima ikikaa vikao mpaka mwisho, mtoto atarudi darasani. Akitoroka tena, basi. Na Pasikali naye aliweka lake juu ya hilo. Akitoroka tena, au vikao visipozaa kitu, atapelekwa Murungu, wilaya ya Kibondo, kwa shangazi yake Ndayikeza, mwenye mashamba ya tumbaku na sifa ya kunyoosha watoto. Huko kulikuwa tayari na kijana aliyeuliza habari za Irakoze. Ndayikeza alilisema hilo kwenye simu kama habari njema.

Mshauri aliyeletwa na mradi aliitwa Mwamvua, binti wa wenye duka la vitambaa Kasulu mjini, mwenye Kiswahili laini na pikipiki yenye kelele. Pelagia aliposikia ile pikipiki alikimbilia jikoni, kama kawaida yake.

Kosa la kwanza lilikuwa la Pasikali, na sitamlaumu sana, maana angekosea hivyo mzee yeyote wa huku. Aliambiwa kuna kikao cha familia kuhusu tabia ya mtoto, akaelewa kesi. Akaandaa uwanja kama inavyopaswa kuandaliwa. Benchi moja la upande wa baba, benchi jingine likitazamana nalo la upande wa mama, katikati kigoda cha mshitakiwa. Akamwalika mzee Nkunzimana, msuluhishi wa kijiji, aliyefika na fimbo yake na koti la harusi za zamani. Irakoze alikalishwa kwenye kigoda, akainama.

Mwamvua alisimama mlangoni mwa ua akaitazama mahakama ile. Alimsalimu mzee kwa magoti, akamshukuru, akamwomba kwa adabu akapumzike nyumbani kwake. Kisha akamwambia Irakoze asogee, akakivuta kigoda, akakikalia mwenyewe.

"Hapa hatumhukumu mtu, kaka Pasikali," alisema. "Mtoto akisumbua, nyumba nzima ndiyo tunayoiangalia. Kila mmoja atajizungumzia mwenyewe."

"Mimi dada sijawahi kutoroka," alijibu Pasikali, na Bibi Esteri akacheka.

Vikao viliendelea hivyo. Kila Mwamvua alipokuja, Pasikali alikuwa ameshapanga mabenchi yale yale, kwa sababu alisema mambo yana utaratibu wake. Yeye na mama yake walikaa upande wa baba. Benchi la upande wa mama lilibaki tupu, jua likalianika, kuku wakalipanda. Pelagia alikaa chini kwenye mkeka, karibu na mlango wa jikoni, na Irakoze karibu naye, akichora ardhi kwa kijiti. Mwamvua aliuliza polepole: nani anaamka wa kwanza, nani anamwogopa nani, furaha ya mwisho katika nyumba hii ilikuwa lini. Pasikali alijibu habari za mahindi. Bibi Esteri alijibu habari za zamani. Irakoze hakujibu kabisa, na Pelagia alisema "ndiyo" na "sijui", akatazama vidole vyake.

Alikuwa amebanwa kila upande, na kila siku kamba ilikaza. Akisema, atamvua nguo mumewe mbele ya mama yake mzazi na mgeni wa mjini, na mwanamume aliyevuliwa nguo anaweza safari ijayo kulimaanisha lile neno. Amfukuze kweli, aende wapi? Na huyo mgeni mwenyewe ni nani? Mwenye pikipiki na kitambulisho shingoni, akiulizwa na wakubwa zake mama wa mtoto ni raia wa wapi, atajibu nini? Asiposema, mtoto anakwenda Murungu. Usiku Pelagia aliyapanga maneno, asubuhi akayameza pamoja na uji.

Ikafika siku ya kikao cha mwisho. Gari la kwenda Kibondo lilikuwa la kesho yake, na nguo za Irakoze Bibi Esteri alikuwa ameshazifunga kwenye kiroba, akakiegemeza nyuma ya mlango ambapo kila mtu alikiona. Pasikali alipanga mabenchi, halafu akatoka na mtungi wa urwarwa, umezibwa kwa jani la mgomba, akauweka katikati. Kesi ikiisha watu hunywa, alisema, na hii leo inaisha.

Mwamvua aliutazama mtungi, akakitazama kiroba, akakaa kwenye kigoda chake. Siku hiyo hakuanza na habari za nani anaamka wa kwanza.

"Nataka kuuliza jambo moja tu," alisema. "Siku ile ya mwisho mtoto alipoondoka. Kabla hajaondoka, humu ndani palisemwa nini?"

"Hapakusemwa kitu," alisema Pasikali. "Tulikula, tukalala."

"Bibi?"

"Mimi nyumba yangu ile kule. Sisikii."

Alikuwa anasikia. Kutoka nyumba yake angesikia mtu akivunja kuni mtaa wa pili.

"Irakoze?"

Kijiti kilizidi kuchora. Mwamvua hakumharakisha, aligeuka tu akamtazama mama. Pelagia alikiona kiroba. Kwenye tundu la kiroba ulichomoza mkono wa sweta ya shule ya Irakoze, ile ya kijani aliyoishona yeye mwenyewe kiwiko, na akafikiria Murungu hawataihitaji, huko hakuna atakayempeleka shule.

"Baba Irakoze aliniambia nirudi kwetu," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Pasikali alisonya.

"Mama Irakoze, hilo ni neno la hasira tu. Kila mwanamume hulisema."

"Ulilisema na mara ya kwanza alipotoroka. Na ya pili. Ukishalisema, kesho yake mtoto hayupo." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hana mwanamume kule njia panda. Mnamsingizia. Anakwenda Mtabila."

"Kufanya nini Mtabila?" aliuliza Bibi Esteri. "Mtabila pana nini?"

Irakoze alitupa kijiti.

"Ni kwao," alisema. "Kwao mama. Baba anasema nenda, mama haendi, hana pa kwenda. Nikaenda mimi." Hasira ile ya shuleni sasa ilikuwa machozi. "Nilikaa njia panda kungoja mtu aje kumwomba mama radhi. Akaja na fimbo."

Pasikali alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba shamba alilolima miaka yote ni la mwingine. Bibi Esteri aliutazama mtungi kwa muda, kisha akamtazama mwanawe, na aliyekuwa akitazama si mama tena, ni mzee anayejua taratibu.

"Mke akiambiwa rudi kwenu, na mguu ukatoka, anafuatwa," alisema. "Anafuatwa na pombe. Wewe ulimfuata na fimbo, mwana wanje, mwanangu. Nani alikufundisha?"

"Mama, aliyetoka ni mtoto."

"Alitumwa na neno lako."

Hapo ndipo Irakoze alipoinuka. Alivuka uwanja, akawafukuza kuku, akakaa kwenye benchi la upande wa mama, peke yake, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama walivyokaa akina mama aliowaona kwenye kesi za watu wengine. Alimtazama baba yake moja kwa moja, jambo ambalo siku nyingine lingemletea kofi.

"Mtoto wetu alikosa nini?" aliuliza.

Pasikali alicheka kidogo, akamgeukia Mwamvua kama anayetafuta mtu mzima wa kucheka naye. Mwamvua hakucheka.

"Unaulizwa," alisema Bibi Esteri.

"Hakukosa."

"Alirudishwa kwao kwa kosa gani?" aliuliza Irakoze tena.

Pasikali alikitazama kiroba, akautazama mtungi, akayatazama mabenchi aliyoyapanga kwa mkono wake.

"Chumvi," alisema. "Ilizidi chumvi."

Aliinamisha kichwa, na ile aibu aliyokuwa amewaandalia wengine ikamkaa yeye. Pelagia alijisikia kulia kwa furaha. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo kwa ajili yake, na leo limeulizwa, na mumewe amejibu. Kisha akamtazama vizuri aliyeuliza. Irakoze alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa benchi. Mtoto alikuwa amefanywa kuwa baba, kaka na kambi nzima ya mama yake. Furaha ile ile ikageuka hofu. Huyu naye hatatoka humu, Pelagia aliwaza. Nimemfunga mimi.

"Irakoze, toka hapo," alisema.

"Nikitoka atakaa nani?"

Mwamvua, ambaye kazi yake ni maneno, hakujidai kuwa na jibu, na nampenda kwa hilo. Aliyesogea ni Bibi Esteri. Aliinuka kwa shida upande wa baba, magoti yakilia, akavuka uwanja akiburuza kanga, akamsukuma mjukuu wake kwa nyonga.

"Nipishe. Nenda kwa mama yako." Akakaa, akajitandaza benchi lote. "Niliingia nchi hii nikiwa msichana, nimeshika sufuria, nimeacha kila kitu. Marehemu baba yenu naye aliniambia nirudi kwetu. Na mimi sikuwa napo." Alimwonyesha Pasikali kwa kidole. "Hilo neno wewe hukulitoa barabarani. Ulilisikia nyumbani kwangu, kwa baba yako. Sasa miminia watu pombe, kabla haijachacha ikawa siki."

Mwamvua hakunywa, alipewa chai. Kiroba kilifunguliwa, na Irakoze akarudi shule.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, watu wakapiga makofi, lakini nyumba hazijengwi hivyo. Pasikali alijitahidi. Alikaa msimu mzima wa kupanda bila kulisema lile neno, akalizunguka, unaona linamfikia mdomoni na analimeza. Pelagia alimwonea huruma hata. Kisha mvua ziliposimama kabla ya wakati na mahindi yakaanza kukunja majani, alirudi jioni moja kutoka shambani, akakuta ugali haujasongwa, na neno likatoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya chini.

"Rudi kwenu basi."

Alisita katikati, alijisikia, lakini lilikuwa limeshatua. Irakoze, aliyekuwa uani akichambua maharage, aliinua kichwa. Mkono wake ukaanza kutafuta kandambili.

"Kaa," alisema Pelagia.

Alipachika mwiko ukutani, akafunga kitenge kingine kiunoni, akachukua kanga yake ya kujifunika, akatoka. Hakwenda mbali. Alivuka ua, akapita mti wa parachichi, akabisha kwa Bibi Esteri. Mlango ulifunguka kabla hajabisha mara ya pili, kwa sababu yule bibi asiyesikia alikuwa ameshasikia.

"Amesema?"

"Amesema, mama."

"Pita."

Pelagia alikaa kwenye kiti kifupi karibu na moto wa mama mkwe wake. Hakuwa ametoka, alilijua hilo. Ua ulikuwa ule ule, wa Pasikali, wa baba yake Pasikali. Kitambulisho hana. Kesho ikipita pikipiki ya serikali atainamia moto, wa nyumba hii au wa ile. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mti mmoja wa parachichi, na mwenyewe wa kwao ni mkongwe anayekohoa. Aliona kichekesho chake na hakuweza kucheka.

Kupitia mlango alimwona Pasikali amesimama katikati ya uwanja, hana fimbo wala mtungi, akiutazama mlango wa mama yake kama mkwe mgeni. Hatimaye aliokota dumu tupu na kuelekea kwa wauza urwarwa, akitembea kando kando ya njia ili asionwe na watu.

Irakoze alimsindikiza kwa macho. Alimtazama pia mama yake, kule kwenye mwanga wa moto. Kisha alizirudisha kandambili pembeni, akavuta ungo miguuni, akaendelea kuchambua maharage.